Damu haishiki panga

Kuna neno linalotembea mbio kuliko toleka katika mji huu wa Kisangani. Mtalisikia sokoni, kwenye foleni ya maji, ndani ya mtumbwi wa kuvuka kwenda Lubunga, hata mlangoni mwa kanisa watu wakitoka kusali. Neno lenyewe ni fupi: "Wale, ni damu yao." Akisema Mlengola, "wale" ni Wambole. Akisema Mmbole, "wale" ni Walengola. Na akisema mtu asiye wa upande wowote, "wale" ni wote pamoja, naye anaongeza kwamba serikali iwaache tu wamalizane, kwani wamezaliwa hivyo.

Sisi wa redio tunalisikia kila tunapofungua simu kwa wasikilizaji. Mtu anaanza vizuri, anasalimia, anaeleza shida yake ya kambini, na kabla ya kukata simu anaacha sumu: kabila fulani lina roho ya kuua, mtoto wa nyoka ni nyoka. Simu inayofuata inamjibu kwa sumu nyingine. Mtangazaji anaweka muziki, lakini neno limekwisha kuingia masikioni mwa watu, na masikioni mwa watoto waliokaa karibu na redio.

Leo nataka tulijibu neno hilo hapa, kwa utulivu lakini bila kuzunguka. Ni uongo. Tena ni uongo wenye faida kwa watu fulani, na wale wanaolipa gharama yake ni ninyi mnaolala chini ya mahema.

Tuanze na mambo yalivyokuwa. Wambole na Walengola waliishi pamoja ng'ambo ya mto kwa miaka mingi. Walioana. Watoto wao walikaa kwenye benchi moja la shule. Wanawake wao waliuza mihogo, ndizi na sombe katika soko moja. Mwezi wa Februari 2023 panga lilitoka Lubunga. Damu ya watu haikubadilika usiku mmoja. Kilichokuwa kimebadilika ni ardhi: mgogoro juu ya hektari 4,000 zilizopewa kampuni ya kilimo, nani alikuwa na haki ya kutoa, nani aliulizwa, nani hakuulizwa, nani alipokea kitu mkononi. Mgogoro wa karatasi uligeuka kuwa mgogoro wa nyumba zilizochomwa. Mamia ya watu waliuawa, na maelfu kwa maelfu wakakimbia, wengine wakavuka mto kuja upande huu, wengine wakaingia msituni. Moto ukasambaa kuelekea Opala na Ubundu.

Sasa niulize swali dogo. Kama ni damu, mwaka 2022 damu hiyo ilikuwa wapi? Ilikuwa imelala?

Na swali la pili. Kijana aliyeshika panga ana dada. Wamezaliwa na baba mmoja na mama mmoja, damu ni ile ile. Mbona dada yake hakushika panga? Mbona yeye yuko kambini sasa hivi, anatafuta kuni ili wadogo zake wale? Ana kaka pia, mwendesha toleka, ambaye siku ile alimbeba jirani wa kabila jingine akamficha. Damu moja, nyumba moja, matendo matatu. Anayesema "ni damu yao" sherti kwanza atueleze habari za dada na za kaka.

Najua kuna watu waliosoma ambao watasema: lakini hata wataalamu wanakubali kwamba mtu anarithi tabia. Ni kweli, na sitaficha. Watoto hawazaliwi sawa. Kila mama aliyezaa watoto wanne anajua kwamba mmoja alikuja na hasira, mwingine alikuja na upole. Wataalamu waliolinganisha mapacha wameona kwamba urithi una sehemu yake katika ukali na katika uvumilivu. Lakini sikilizeni vizuri yale waliyoyaona. Mwaka 2002, Avshalom Caspi na Terrie Moffitt na wenzao walitangaza uchunguzi juu ya wavulana wa Dunedin, huko New Zealand, waliofuatwa tangu kuzaliwa hadi kuwa watu wazima. Baadhi yao walikuwa na chembe moja ya urithi ambayo wengi walidhani inaleta ukatili. Wale waliokuwa na chembe hiyo na tena waliteswa utotoni, wengi zaidi wao walikuwa wakali. Wale waliokuwa nayo lakini wakalelewa bila mateso, hawakuwa wakali kuliko wengine. Uchunguzi uliofuata mahali pengine haukupata majibu yale yale kila mara. Lakini angalieni: hata pale ambapo urithi ulionekana, ulingoja mkono wa mtu mzima. Na chembe hiyo haina kabila. Iko kwa Wazungu, iko kwa Waasia, iko kwetu. Hakuna mtaalamu yeyote aliyepata chembe ya Kimbole wala ya Kilengola inayobeba panga.

Tena tujue neno hili limetoka wapi, kwa sababu babu zetu hawakulitunga peke yao. Mwaka 1876 daktari Mwitaliano aitwaye Cesare Lombroso aliandika kitabu akisema kuna watu wanaozaliwa wahalifu, na kwamba unaweza kuwajua kwa taya, kwa paji la uso na kwa masikio. Ulaya ilimpigia makofi. Ilipofika mwaka 1913, daktari Mwingereza Charles Goring, baada ya kupima wafungwa zaidi ya 3,000 na kuwalinganisha na watu wasio wafungwa, alitangaza kwamba sura ya mhalifu wa kuzaliwa haipo. Kwao wazo hilo likaanza kufa. Kwetu Afrika liliendelea kuishi, kwa sababu lilikuwa na kazi ya kufanya.

Chukueni Kenya. Katika miaka ya 1950 Wakikuyu waliinuka katika vita vya Mau Mau. Mizizi ya vita ile inajulikana: ardhi yao nzuri ilichukuliwa na walowezi. Serikali ya kikoloni ilimwita daktari wa wagonjwa wa akili, J. C. Carothers, aliyewahi kuongoza hospitali ya Mathari kule Nairobi. Mwaka 1953 yeye alikuwa ameandika kwamba ubongo wa Mwafrika unafanana na ule wa Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya kichwa. Mwaka 1954 akatoa ripoti juu ya Mau Mau, akatafuta chanzo katika akili ya Wakikuyu, iliyokuwa eti imevurugika. Mnaona kazi ya neno? Watu wanadai shamba, wewe unapima vichwa vyao. Frantz Fanon, daktari aliyefanya kazi Algeria, alimjibu mwaka 1961: ukatili ambao wakoloni waliusema ni wa kuzaliwa, ulizaliwa na ukoloni wenyewe. Na mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee wa Kenya zaidi ya 5,000 walioteswa wakati ule. Mateso yalikuwa na wakubwa walioyaamuru na ofisi zilizoyaandika. Hayakutoka kwenye damu ya Mwingereza wala ya Mkikuyu.

Nimewapeleka Kenya kwa sababu Lubunga inafanana nayo kwa jambo hili moja. Hapa pia watu walianza kwa kuuliza habari ya shamba. Na hapa pia, tukikubali kuzungumza habari za damu, hakuna atakayeuliza tena habari za shamba. Aliyeweka sahihi analala vizuri. Aliyegawa pesa za kununulia pombe na mapanga analala vizuri. Kiongozi aliyepita usiku akiwaambia vijana "wenzenu wanakuja kuwamaliza" analala vizuri kuliko wote, kwani kosa lote tumekwisha kulibebesha kabila.

Mji wetu wenyewe unajua jambo hili vizuri. Tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana hapa Kisangani kwa siku sita, na zaidi ya makombora 6,600 yalianguka juu ya nyumba zetu. Almasi zilikuwa katika mambo waliyogombania. Wazee wetu hawakwenda kupima damu ya askari wale. Waliuliza: nani alituma jeshi? Nani alitoa amri? Nani atalipa? Na kwa sababu swali lilikuwa zuri, jibu lilipatikana, hata kama lilichelewa: tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa hasara za vita vile vya miaka ile. Mbona basi kijana wa ng'ambo akishika panga tunaacha kuuliza nani alimtuma, tunaanza kuuliza babu yake alikuwa nani?

Tuende nyuma zaidi. Agosti 1964, waasi wa Simba waliingia mji huu, wakati ule ukiitwa bado Stanleyville. Kati yao walikuwamo watoto na vijana wadogo, waliopewa dawa na kuambiwa risasi zitageuka maji. Waliyoyafanya, wazee wanayasimulia kwa sauti ya chini. Mwezi wa Novemba ule ule mji ulichukuliwa tena. Vijana wale waliobaki hai walitawanyika, wakarudi mashambani na mtoni, wakaoa, wakazaa. Kama ukatili wao ungekuwa ni wa damu, sisi wajukuu wa wakati ule tungekuwa tunachinjana kila siku hadi leo. Lakini vita vilipokwisha na waliowatuma walipokimbia, wengi wakawa watu kama watu wengine.

Basi muuaji anatengenezwa namna gani? Kwa namna inayojulikana, na ni vema tuiseme hatua kwa hatua, ili mzazi aitambue akiiona.

Kwanza anatolewa mahali pake. Shule imefungwa au haina mwalimu, shamba limechomwa, baba ameuawa au amekimbia. Pili anapata watu wazima wanaompa kile alichokosa: chakula, jina, kikundi, mtu wa kumwita "kaka mkubwa". Tatu anapewa pombe, bangi na dawa ya kumwambia hatakufa. Nne anaambiwa, mara mia, kwamba yule wa upande wa pili ni nyoka, ni mnyama, ni mchawi. Tano analazimishwa kufanya tendo la kwanza mbele ya wenzake, ili asiwe tena na njia ya kurudi nyumbani. Na sita, anaona kwamba wiki imepita, mwezi umepita, na hakuna aliyemkamata wala aliyemkamata mkubwa wake. Hapo kazi imekwisha.

Angalieni kwamba umaskini peke yake haumo kwenye orodha hiyo. Kisangani imejaa maskini ambao hawajawahi kumpiga mtu kofi. Mama anayeuza lituma pembeni ya barabara ni maskini, na hakuua. Kusema "waliua kwa sababu ya njaa" ni kuwatukana wenye njaa walio wengi. Njaa inafungua mlango, lakini lazima awepo mtu anayeingia humo na panga mkononi na kusema "shika".

Naona mama mmoja kambini ananisikiliza na uso wake umekaza. Anasema: wewe mwandishi, usiniletee mambo ya malezi. Mtoto wangu ameuawa. Unataka nimwonee huruma aliyemuua kwa sababu hakusoma?

Hapana, mama. Kueleza jinsi mtu alivyokuwa muuaji hakumtoi gerezani. Kuna kesi iliyoamuliwa ambayo inajibu swali lako. Dominic Ongwen alikuwa mtoto wa Uganda kaskazini. Mwaka 1987, akiwa na umri wa miaka 9 hivi, alitekwa na waasi wa LRA wa Joseph Kony njiani kwenda shule. Alikulia kwao, akapanda cheo, akawa kamanda. LRA ni wale wale waliowachinja na kuwateka ndugu zetu wa Haut-Uele na Bas-Uele. Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai huko La Haye ilimpata na hatia ya makosa 61 tarehe 4 Februari 2021. Mawakili wake walisema utoto wake uliharibiwa, hawezi kubeba kosa. Majaji walikataa: alipokuwa mtu mzima aliamua, aliamuru, aliua, kwa hiyo anabeba. Lakini walipopima adhabu, utoto ule walioutambua uliwekwa kwenye mizani, na hawakumpa kifungo cha maisha. Walimpa miaka 25. Majaji walishika mambo mawili kwa mikono miwili: aliteswa, na alitesa. Hawakusema Waacholi ndivyo walivyo. Na kumbukeni maelfu ya watoto wengine waliotekwa na LRA ambao walitoroka wakarudi kulima. Kutekwa kuliwaumiza wote. Hakukuwafanya wote kuwa Ongwen.

Kwa hiyo, mama, huyo aliyemuua mwanao ahukumiwe. Kwa jina lake, kwa tendo lake, na pamoja na yule aliyempa panga. Lakini neno "ni damu yao" halitakupa hukumu hiyo hata siku moja. Kabila haliwezi kusimama mbele ya jaji. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 17, inasema kosa la jinai ni la mtu binafsi, na hakuna anayehukumiwa kwa tendo la mwingine. Ukisema waliua "Wambole" au "Walengola", umemficha muuaji wako katikati ya maelfu ya watu wasio na kosa, naye anakushukuru.

Kuna wengine wanaosema: sawa, tuache makabila, lakini kuna vijana ambao ni wabaya tu, dawa yao ni moja. Wanazungumza habari za kuluna, wale vijana wa mapanga wa mjini. Dawa hiyo imekwisha kujaribiwa. Kinshasa, kuanzia Novemba 2013, polisi waliendesha operesheni Likofi. Shirika la Human Rights Watch liliandika kwamba vijana na wavulana wasiopungua 51 waliuawa, wengine 33 hawakuonekana tena. Kama ubaya ungekuwa ndani ya watu wale tu, kuluna wangekwisha. Miaka zaidi ya 10 ilipita. Mwezi wa Machi 2024 serikali ikaondoa zuio la kutekeleza hukumu ya kifo lililodumu tangu 2003, na mwanzoni mwa 2025 waziri wa sheria akatangaza kwamba watu zaidi ya 170 waliohukumiwa kifo kwa mambo ya ujambazi wa mjini wamepelekwa gereza la Angenga, jimbo la Mongala. Kuluna bado wako. Wako kwa sababu mahali wanapotengenezwa hapakuguswa: mtoto asiye na shule, asiye na mlezi, anayelala chini ya kibanda cha soko, anayepokelewa na kikundi.

Na hapa sherti niseme jambo ambalo litawachukiza baadhi ya wachungaji na baadhi ya wazazi. Wengi wa watoto wale wa barabarani hawakutoka nyumbani wenyewe. Walifukuzwa. Baba alikufa, mama akaolewa tena, mtoto akaugua au akakojoa kitandani, mtu mmoja akasema ni ndoki. Akapelekwa kwenye chumba cha maombi, akanyimwa chakula, akapigwa ili "roho" itoke, mwisho akatupwa nje. Kifungu cha 41 cha Katiba kinakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu kosa hilo kwa kifungo. Tumwambie mtoto wa miaka 7 kwamba amezaliwa mbaya, tumtupe barabarani, apigwe na kila mtu kwa miaka 10, halafu siku anaposhika kisu tuseme: "Mnaona? Tulisema." Tulisema, na tulitengeneza. Neno lile lile tunalolitumia kwa kabila tunalitumia kwa mtoto wetu wenyewe ndani ya nyumba.

Wahenga wana methali mbili hapa, nazo zinapingana. Moja inasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Nyingine inasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kila mtu anachagua, na angalieni namna tunavyochagua: ya pili tunaitumia kwa watoto wetu, ya kwanza tunaitumia kwa watoto wa wengine.

Sisi waandishi wa redio tuna deni kubwa zaidi kuliko wote. Mwezi wa Julai 1993 redio ya RTLM ilianza kutangaza Kigali. Ilipiga muziki mzuri, ilichekesha watu, na katikati ya muziki iliwaita Watutsi mende. Mwaka uliofuata yalitokea mauaji ya kimbari. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya Arusha iliwatia hatiani wakubwa wa redio ile pamoja na mwenye gazeti la Kangura. Hakuna hata mmoja wao aliyehitaji kupatikana na panga mkononi. Basi mwenzangu unayeshika mikrofoni hapa Tshopo, ukimwacha mtu akasema hewani kwamba kabila fulani ni nyoka, usijifiche nyuma ya uhuru wa kusema. Mkatize. Muulize: nani? Jina lake nani? Alifanya nini, siku gani, mahali gani? Kama hana jibu, hana habari. Ana sumu tu.

Na kwa wakubwa wetu, tunaomba mambo yanayoonekana. Faili la ile ardhi ya ng'ambo lifunguliwe mbele ya watu: nani alitoa, kwa haki gani, nani alipokea. Waliopanga na waliolipa wafikishwe mahakamani pamoja na waliopiga, kutoka pande zote mbili, na kesi zisikilizwe hadharani ili waliokimbia wasikie majina ya watu badala ya majina ya makabila. Watoto walio kambini wapate shule kabla ya hotuba nyingine yoyote ya amani. Na wale vijana waliotoka msituni wakaweka panga chini wapewe kazi na mtu wa kuwafuata, kwa sababu yule aliyewapa panga anajua bado wanapoishi.

Wazazi wa kambini, najua mnabeba mengi, lakini kuna jambo moja ambalo hakuna gavana wala mzungu wa shirika anayeweza kuwafanyia. Jioni mnapokaa, watoto wanawasikiliza. Waambieni ukweli: waambieni nyumba yetu ilichomwa, waambieni nani aliyekufa. Msiwafiche. Lakini mkifika kwenye "ni nani aliyefanya", tajeni watu mnaowajua, na kama hamwajui semeni hamwajui. Msimpe mtoto kabila zima la kuchukia kwa sababu jina la mtu mmoja limekosekana.

Tupige hesabu. Mtoto aliyekuwa na miaka 8 mwezi ule wa Februari 2023 atafikisha miaka 18 mwaka 2033. Huko mbele kutakuwa na mgogoro mwingine wa ardhi, na mtu mwenye pesa atapita usiku akitafuta vijana. Siku hiyo mtoto wenu atakumbuka yale aliyoyasikia jioni kambini, na yale aliyoyasikia kwenye redio. Miaka ya kumwandaa ni hii tuliyo nayo sasa.

Kutoka Kisangani.